Nimefuata kalenda mwezi hadi mwezi, mimba haishiki

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo dada,

Barua hii nimeianza mara nne na mara nne nimeifuta. Leo tarehe 12 Juni nimeona siku zangu tena. Nimejifungia bafuni, nimefungulia maji ili mume wangu asinisikie nikilia, na nilipotoka nimejiambia bora nimweleze mtu asiyeijua sura yangu.

Nina miaka 31, mume wangu ana 38. Tuna miaka mitano ya ndoa. Mwanzoni tulikubaliana tusubiri, nikawa nachoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi mitatu. Ya mwisho nilichoma miezi 16 iliyopita. Kwa miezi saba baada ya hapo hedhi ilikuja kwa matone tu au haikuja kabisa. Kisha ikarudi, na sasa inakuja yenyewe ingawa haishiki tarehe moja. Kwa hesabu yangu, mwaka na miezi minne tunatafuta mtoto na hakuna hata dalili.

Sijakaa bure, dada. Nilipakua programu ya hedhi kwenye simu, nikajaza mzunguko wa siku 28 kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Siku ya 13, ya 14 na ya 15 inawasha duara la kijani, na usiku huo tunakutana, tumechoka au hatujachoka. Nikimaliza naweka miguu ukutani nusu saa nzima. Daftari ninalo, naandika kila kitu. Hedhi zangu za karibuni: 4 Machi, 6 Aprili, 8 Mei, na leo 12 Juni. Mume wangu kazi yake iko mbali, wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Machi alikuwepo kuanzia tarehe 10 hadi 23, Aprili tarehe 7 hadi 20, Mei tarehe 5 hadi 18. Sasa yupo tangu tarehe 2 na anaondoka tarehe 16 asubuhi.

Tendo lenyewe limekuwa kazi. Anaiona simu imewaka kijani anauliza, "Leo zamu?" Nami nikishajua siku zimepita, hamu inaniisha. Mwezi wa tatu kuna usiku alinigeukia mwenyewe, bila simu. Nakumbuka ilikuwa tarehe 21 kwa sababu kesho yake ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Nikamwambia programu imeshafunga, tupumzike. Akageukia ukutani. Siku zile pia nilikuwa natokwa na ute mwingi wa kuvutika, kama ule mweupe wa yai bichi. Nikaogopa, nikajisafisha kwa ndani na sabuni siku tatu mfululizo.

Nilivyoogopa nitakueleza. Nikiwa na miaka 20, kabla sijamjua mume wangu, nilipata maambukizi ya nyonga, yale ya kizazi na mirija. Yalitoka kwa kijana niliyekuwa naye. Nililazwa siku nne, nikatibiwa, nikapona. Mume wangu hajui. Nyumbani kwetu hajui mtu. Nikiona ute nadhani ugonjwa umerudi, na nikiona hedhi nadhani ndiyo adhabu yangu.

Mwezi uliopita, hedhi ilipoingia, nilimwambia mume wangu twende tukapime. Akasema, "Mimi mtoto ninaye. Nipimwe nini?" Ni kweli ana binti wa miaka 11 aliyempata kabla yangu. Mamamkwe naye akipiga simu lazima aulize kama "kuna habari". Wifi yangu ana mimba ya tatu.

Rafiki yangu amenipa vidonge vya kupevusha mayai, klomifeni, vilivyobaki baada ya yeye kufanikiwa. Vidonge kumi. Viko kwenye droo, chini ya nguo. Inabidi vianze kumezwa siku za mwanzo za hedhi, kwa hiyo ni sasa au mwezi ujao. Nikienda hospitali wataniuliza historia yangu mbele ya mume wangu. Nisipokwenda miaka inakwenda. Nifanyeje?

Mwenye Daftari

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma jioni, nikaisoma tena asubuhi nikiwa na kalenda na kalamu mkononi. Ahsante kwa kuandika tarehe. Wengi huniandikia "tunajaribu muda mrefu", nami nabaki kukisia. Wewe umeniletea daftari, na daftari lako lina jambo ambalo nadhani hujaliona.

Umebeba mambo mengi kwa pamoja. Mimba inachelewa, kuna siri ya miaka 11, mume hataki kupimwa, vidonge viko kwenye droo, na kila mwezi simu ya mamamkwe inakukumbusha yote hayo. Moyoni yameshikana yakawa kitu kimoja: kwamba mwili wako umeharibika na kosa ni lako. Nataka tuyaachanishe taratibu, maana yakikaa pamoja kila moja linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Tuanze na ile siku ya 14. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayokuja. Wengi tumefundishwa kuhesabu siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Kwa mwanamke wa mzunguko wa siku 28 hesabu zote mbili zinaangukia siku ile ile, na ndiyo maana namba hiyo imezoeleka. Wewe si wa siku 28. Kutoka 4 Machi hadi 6 Aprili ni siku 33. Kutoka 6 Aprili hadi 8 Mei ni 32. Kutoka 8 Mei hadi leo ni 35. Yote hiyo ni mizunguko ya kawaida kabisa. Simu ndiyo iliyopewa namba isiyo yako.

Sasa chukua kalenda turudi nyuma pamoja. Hedhi ya Aprili ilianza tarehe 6. Ondoa siku 14, unafika 23 Machi. Huo ni ukadiriaji, yai linaweza kuwahi au kuchelewa siku moja au mbili, lakini ni karibu na hapo. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume ndizo zenye subira, zinaweza kukaa hai ndani yako hadi siku 5 zikilisubiri. Mwaka 1995 mtafiti Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, wakaona kwamba mimba zilitokana na tendo lililofanyika ndani ya siku sita: tano zinazotangulia yai kupevuka, pamoja na siku yenyewe. Baada ya hapo mlango unafungwa. Siku zenye nafasi kubwa zaidi ni zile mbili kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe.

Kwa hiyo Machi, siku zako zilikuwa kama tarehe 18 hadi 23. Ninyi mlikutana tarehe 16, 17 na 18, mkaacha pale dirisha lilipoanza kufunguka. Aprili siku zako zilikuwa kama 19 hadi 24. Mlikutana 18, 19 na 20, kisha mume akasafiri, kwa hiyo mliligusa ukingoni tu. Mei zilikuwa kama 24 hadi 29, na mwenzako hakuwepo tangu tarehe 19. Katika miezi mitatu ambayo umejilaumu na kulia bafuni, hamjapata hata mwezi mmoja wa kujaribu kwa haki.

Na ule usiku wa tarehe 21 Machi. Nimesita kama nikuandikie hili, kwa sababu sitaki liwe fimbo nyingine ya kujipigia. Lakini ule ute wa kuvutika kama ute wa yai bichi haukuwa ugonjwa. Ndiyo ishara ambayo mwanamke anayetafuta mtoto anaingojea. Homoni ya estrojeni ikipanda kabla ya yai kupevuka, shingo ya kizazi hutoa ute mwepesi, unaoteleza, unaovutika katikati ya vidole viwili bila kukatika. Ndani ya ute huo mbegu huogelea na kupata hifadhi. Siku nyingine ute huwa mzito au hakuna kabisa, na mbegu hufa ndani ya saa chache. Mwili wako ulikuwa unasema kwa sauti, na ulilingana na hesabu ya kalenda. Ugonjwa huja na mambo mengine: harufu mbaya, muwasho, rangi ya kijani au ya usaha, maumivu ya chini ya tumbo, homa. Ukiona hayo nenda ukapimwe. Ule mwingine uache, na sabuni ya ndani uiache pia, kwa sababu inaharibu kinga ya asili ya uke na kuufanya upate maambukizi kwa urahisi zaidi. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.

Miguu ukutani nayo haina ushahidi kwamba inasaidia. Mbegu zenye nguvu huingia kwenye shingo ya kizazi ndani ya dakika chache, na kinachomwagika baadaye ni majimaji ambayo kazi yake imekwisha. Lala unavyopenda. Kama mnatumia mafuta ya kulainisha, fahamu kwamba baadhi yake hudhoofisha mbegu. Yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanaotafuta mtoto.

Unasema mwaka na miezi minne. Naomba tuiangalie hesabu hiyo pia. Ile sindano inajulikana kwa kuchelewesha uzazi kurudi. Walioiacha ili wazae huchukua kwa kawaida kama miezi 10 tangu dozi ya mwisho kabla ya kushika mimba, wengine zaidi, na haiachi madhara ya kudumu kwenye uzazi. Miezi yako saba ya matone ilikuwa dawa inatoka mwilini. Tangu hedhi irudi umekuwa na mizunguko kama minane, na sehemu yake kubwa, kama hii mitatu tuliyoikagua, huenda iliangukia nje ya siku zenyewe. Hata kwa wenzi vijana wasio na kasoro yoyote wanaolenga vizuri, nafasi ya kushika mimba kwa mwezi mmoja ni kama moja kati ya nne au tano. Kukosa mwezi mmoja ndilo jambo la kawaida. Ndani ya mwaka mzima, takriban wenzi 85 kati ya 100 hufanikiwa.

Pamoja na hayo sitaki uondoke hapa ukidhani jibu ni kalenda peke yake. Kwa kawaida tunawaambia walio chini ya miaka 35 wajaribu mwaka mmoja kabla ya kuanza vipimo, na waliofika 35 wasubiri miezi sita. Ila aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga hashauriwi kusubiri muda huo wote. Hapo ndipo siri yako inapogusana na mwili wako.

Maambukizi kama yale, ambayo mara nyingi huletwa na klamidia au kisonono, yanaweza kuacha makovu kwenye mirija ya uzazi. Yai na mbegu hukutana ndani ya mrija, na yai lililorutubishwa hutembea humo siku kadhaa kabla ya kufika kwenye mji wa mimba na kujishikiza. Mrija ukiziba, hazikutani. Ukiwa na kovu bila kuziba kabisa, yai lililorutubishwa linaweza kukwama njiani likakua humo humo, na hiyo ni mimba ya nje ya kizazi, inayoweza kuua. Nakueleza hivi ili ujue, wala sikutishi. Upande wa pili wa habari hiyo nao ni wa kweli: wengi waliougua mara moja, wakatibiwa, mirija yao hubaki wazi. Wewe ulilazwa na kutibiwa. Hakuna anayeweza kujua hali ya mirija yako kwa kuangalia hedhi wala kwa kukisia, si mimi wala rafiki yako. Kuna eksirei maalumu ambayo dawa hupitishwa kwenye kizazi na kuonekana ikitiririka kwenye mirija. Huchukua dakika chache na huuma kama tumbo la hedhi, kwa wengine zaidi.

Hapo ndipo vidonge vya kwenye droo vinaponitia wasiwasi. Klomifeni humsaidia mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki. Dalili zako, yaani hedhi inayokuja kila siku 32 hadi 35 na ute wa kuvutika katikati, zinaashiria kwamba yako yanapevuka. Mrija ukiwa umeziba, kidonge hakiufungui. Kikipevusha mayai mawili, mapacha hutokea, kama 5 hadi 10 katika kila mimba 100 za dawa hiyo. Huweza kuleta uvimbe kwenye ovari na kutia ukungu machoni. Rafiki yako alikunywa chini ya daktari aliyemfuatilia kwa picha ya ultrasaundi, na akajua anatibu nini. Alichokupa ni dozi bila yale macho ya daktari. Najua kwa nini vidonge hivyo vinakuvutia. Ndiyo njia pekee isiyohitaji umweleze mtu chochote. Jiulize, ukivimeza, utakuwa unatibu mayai au unakikimbia kile chumba chenye maswali?

Maana hofu yako hasa naiona iko kwenye kiti cha hospitali, mumeo kushoto kwako, na daktari akiuliza, "Uliwahi kuugua?" Mdogo wangu, unaweza kwenda peke yako kwanza. Unaweza kumwambia muuguzi mapokezini kwamba unaomba kuonwa bila mwenzako, na daktari anao wajibu wa kukutunzia siri. Akiisikia historia yako mkiwa wawili tu, atajua aanze na kipimo gani, na mtakapokuja wote atajua asiguse nini. Peke yako unaweza pia kupima damu kuangalia kama yai lilipevuka. Hapo angalia: kipimo hicho cha projesteroni huandikwa mara nyingi "siku ya 21", namba ile ile ya watu wa siku 28. Kinatakiwa kifanyike kama siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, na kwako ni kama siku ya 26. Waeleze. Ukipima mapema utaambiwa yai halipevuki ilhali lilikuwa bado.

Je, umwambie mumeo? Sitakuamulia. Nimewaona waliosema wakakuta mume aliyewashika mkono akasema, ulikuwa na miaka 20, mimi sikuwepo. Nimewaona pia waliosema wakarushiwa jambo hilo kila ugomvi ulipozuka. Wewe ndiye unayemjua anavyolipokea neno zito. Ugonjwa uliotibiwa kabla ya ndoa ni historia ya mwili wako, na hujamkosea kwa kuugua. Lakini fikiria pia gharama ya kunyamaza: kama mirija itakuwa na shida na tiba ikahitajika, je, utaibeba safari hiyo yote ukiwa umefunga mdomo? Si lazima uamue kabla ya kujua hali ya mirija. Huenda kipimo kikakuondolea swali lenyewe.

Na hilo neno adhabu, naomba ulitoe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa takwimu kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kupata mtoto wakati fulani maishani. Wamo waliougua na wasiowahi kuugua, wamo wanawake na wamo wanaume.

Nimefika kwa mumeo. "Mimi mtoto ninaye." Naelewa kwa nini sentensi hiyo ilikufunga mdomo, maana inaonekana haina jibu. Ila binti yule anathibitisha hali ya mbegu za baba yake miaka 12 iliyopita. Mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na kundi moja huchukua siku 70 na ushei kukamilika. Homa kali ya miezi miwili iliyopita, sigara, uzito uliozidi, joto la muda mrefu kwenye korodani, homoni za kujengea misuli, mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, vyote vinaweza kubadili mambo tangu wakati ule. Katika karibu nusu ya wenzi wanaochelewa, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Na kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote: anakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, anatoa sampuli, inafika maabara ndani ya saa moja. Hakuna sindano wala eksirei. Maabara huhesabu, na kiwango cha chini cha rejea cha Shirika la Afya Duniani ni mbegu milioni 16 kwa mililita. Kikitoka chini ya hapo hurudiwa baada ya miezi kama mitatu, maana kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu jina.

Lakini angalia ulimwomba lini. Siku hedhi ilipoingia. Mtu anayesikia "twende tukapime" mbele ya mke anayelia anaweza kusikia "twende tukatafute nani mwenye kosa". Sijui kama ndicho alichosikia. Najua tu kwamba mwanamume anayeuliza "leo zamu?" na baadaye akageukia ukutani, naye ameumia mahali. Hujaniambia kama umewahi kumwuliza yeye anaona vipi mwezi ukipita mtupu. Huenda anajisikia kama mbegu tu zinazoitwa kwa taa ya kijani. Huenda anaogopa. Huenda kweli hajali, na hilo nalo utalijua ukimwuliza siku ambayo hakuna duara wala damu. Ukiamua kurudia ombi la kipimo, kuna tofauti kati ya "ukapimwe" na "mimi nimeshaanza vyangu, njoo tumalize pamoja".

Ukitaka kuisubiri kalenda kwanza, kwa mfano mizunguko mitatu huku umeilenga vizuri, faida yake ni utulivu, na hatari yake ni kwamba kama mirija ina kovu utakuwa umepoteza miezi hiyo. Ukianza vipimo sasa unapata jibu mapema, lakini unaingia kwenye mashine na majibu ya maabara wakati labda ulihitaji kubadili tarehe tu. Yote mawili yanaweza kwenda pamoja. Kama ni dada yangu wa tumbo moja ameniuliza, ningemwambia ningekuwa na raha zaidi akiwa amemwona daktari kabla ya mwaka kuisha. Hilo ni jicho langu, na uamuzi ni wako.

Wakati wowote huo, anza vidonge vya vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, usingoje mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki za mwanzo kabisa, wakati wengi bado hawajui kama ni wajawazito. Na kwa sababu ya historia yako, siku utakayopata kipimo cha ndiyo, muone daktari mapema akuangalie kwa ultrasaundi mimba ilipokaa. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu cha kuzimia, damu, au maumivu ya ncha ya bega, usilale nayo hata saa moja. Nenda hospitali.

Mamamkwe nimemwacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu kumjibu yeye si lazima iwe kazi yako. Ni mama wa mumeo. Mnaweza kukubaliana kwamba swali la "kuna habari" atalijibu mwanawe, kwa maneno mtakayoyachagua wawili. Kwa wifi, una ruhusa ya kumpenda na bado kuumia ukiliona tumbo lake.

Kabla sijafunga kalenda nimeangalia mbele. Kama mzunguko huu utakuwa wa siku 32 hadi 35 kama iliyopita, hedhi itatarajiwa kati ya 14 na 17 Julai, na yai litapevuka kati ya 30 Juni na 3 Julai, ukadiriaji tu. Ute utakueleza vizuri zaidi, na ukitaka, kipimo cha mkojo cha LH, homoni inayopanda yai likikaribia kutoka, hutoa ishara saa 24 hadi 36 kabla. Mumeo anaondoka tarehe 16, na kwa zamu ulizoniandikia anarudi 30 Juni. Jioni hiyo simu unaweza kuiacha chumba kingine. Siku tatu nne za mwanzo mkiwa pamoja kila usiku au kila baada ya usiku mmoja, vyovyote mtakavyojisikia, mtakuwa mmezigusa bila mtu kuuliza zamu. Na yeye akikugeukia mwenyewe, si lazima umwambie ni siku gani.

Niandikie, hata mstari mmoja, iwe habari ipi.

Dada yako mshauri